Ukucha wa Mama Blessing na risasi tano za Nyarugusu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, karasha za Nyarugusu zimeshaanza kutafuna mawe na vumbi jeupe linashuka juu ya kila kitu: mabati, majani ya mpapai, vikombe vya chai. Mbuke Ndaki ameketi nje ya kibanda cha mlinzi, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Mezani kwake kuna bunduki, imefunguliwa, tumbo tupu. Pembeni, risasi tano nyekundu zimesimama wima kama soda kwenye kreti.

Anachukua ya kwanza. Anafumba macho. Anapitisha ukucha wa dole gumba la kulia kuzunguka kitako cha shaba, mzunguko mmoja, halafu wa pili.

"Inateleza," anasema, na kuiweka upande wa kulia.

Kucha zake tisa zimekatwa hadi kwenye nyama. Huo wa kumi ameuacha, una urefu wa punje ya mahindi, mgumu, hauna rangi. Na Nyarugusu ni mahali pa watu wa kusema. Wapo wanaodai ni wa kuibia vumbi la dhahabu kwenye mizani. Wapo wanaoapa kwamba amefungiwa dawa na mganga wa kwao Ushetu. Lusia, muuza chai mwenye banda lake hatua ishirini kutoka hapo, ana toleo lake, nalo analitoa bure pamoja na chapati: mama huyu anamsubiri mchumba wa kuja kuupaka rangi.

"Waache waseme," anajibu Mbuke bila kuinua kichwa. "Wakichoka kusema watakuja kuniuliza risasi zao kama ni nzima."

Mbuke, ambaye wengi humwita Mama Blessing kwa jina la binti yake mkubwa, ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mtunza silaha wa kampuni binafsi ya ulinzi yenye ofisi yake Kahama mjini. Bunduki thelathini na moja zipo chini ya mikono yake, zimetawanyika kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, maduka na maghala, kuanzia Kahama hadi upande wa Geita. Nyingi ni zile shotgun za kuvuta mkono nyuma na mbele, ambazo walinzi huziita pampu.

Mshahara wake ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Humo humo kuna ada ya chuo cha uuguzi cha Blessing kule Shinyanga, kodi ya vyumba viwili na dawa za presha za mama yake.

"Si kazi ya kutajirisha," anasema. "Lakini ni kazi ambayo ukiweka sahihi yako vibaya, mtu mwingine ndiye anayelala njaa. Mimi niliiweka vibaya. Ndiyo maana unaniona hapa alfajiri yote hii nakuna risasi."

Habari hiyo ya sahihi, ambayo Nyarugusu wanaijua na kila mmoja ana namna yake ya kuisimulia, ilianza Februari mwaka huu, hapo hapo kwenye mwalo huu.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili kasoro jioni, jua bado lipo. Mlinzi wa zamu alikuwa Thobias Mihayo, mwanamume mpole wa miaka hamsini na mbili, baba wa watoto watano, miaka sita kazini bila barua hata moja ya onyo. Wanaume watatu wenye mapanga waliruka ukuta wa mabati na kwenda moja kwa moja kwenye stoo ya kaboni, ule mkaa wa dukani unaonyonya dhahabu kwenye matangi. Walijua wanachokitaka.

Thobias alifanya alichofundishwa. Aliwaamuru wasimame, hawakusimama. Akapiga risasi moja hewani. Hapo wakaganda, mikono juu.

Akavuta mkono wa pampu nyuma ili ganda la risasi iliyopigwa litoke na nyingine iingie. Ganda halikutoka. Akasukuma mbele, risasi ya pili ilikuwa imeshapanda na kuligonga lile ganda kwa nyuma. Bunduki ikafunga. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma.

Watu wa mwalo wanasema jambo lililomuuma Thobias si kuona mifuko miwili ya kaboni ikiondoka. Ni kwamba wale watu walimtazama akihangaika na kile chuma, wakashusha mikono yao taratibu, na mmoja wao akamwambia, "Mzee, kalale."

Kesho yake maneno yalikuwa yamefika Kahama kabla ya bunduki. Mwenye mwalo alitaka kujua imekuwaje silaha anayoilipia ikatae siku hiyo hiyo tu. Afande Magesa, msimamizi wa operesheni wa kampuni, alikuwa na jibu tayari: mlinzi kala njama. Kavuta pampu nusu makusudi, akaigiza. Thobias akasimamishwa kazi bila mshahara, akisubiri kamati ya nidhamu.

Bunduki ililetwa mezani kwa Mbuke. Yeye aliifungua yote. Alitoa vumbi la karasha lililochanganyika na mafuta mpaka likawa kama ugali mweusi, akapiga brashi kwenye chemba, tundu inamokaa risasi, akakagua ndoano, kile chuma kidogo kinachong'ata ukingo wa kitako cha risasi na kuivuta nje. Ndoano ilikuwa kali. Springi yake ilikuwa na nguvu. Kisha, kwa kibali cha polisi, wakaenda uwanja wa shabaha na boksi jipya la risasi kutoka stoo.

Alipiga kumi. Maganda kumi yakaruka nje, moja baada ya jingine, yakadondoka kwenye majani.

"Inafyatua kama cherehani," Magesa alisema, na akamsogezea fomu ya ukaguzi. Fomu ile ilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua: nzima au mbovu. Mbuke alizungushia duara neno "nzima", akaweka sahihi, akaenda kula.

Anasema chakula kile alikimaliza vizuri tu. Hakujua kwamba karatasi aliyotoka kuisaini ndiyo itakayomfukuzisha mtu kazi, na pengine kumpeleka mahakamani.

Alikuja kujua siku tatu baadaye, Thobias alipofika ofisini Kahama kuchukua barua ya kuitwa kwenye kamati. Hakuja kugombana. Alimwamkia Mbuke kama kawaida, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Blessing, nimeonyeshwa karatasi yako," alisema. "Umeandika bunduki nzima. Mimi sibishani na wewe, wewe ndiye fundi. Lakini naomba uniambie kitu kimoja nikamwambie mke wangu. Mimi niliona nini?"

Mbuke alirudi nalo swali hilo nyumbani. Na tangu hapo, anasema, hakupata utulivu.

Yeye si mtu wa kukariri. Alikulia Ushetu, kwenye tumbaku, akichambua majani na wakubwa tangu akiwa na miaka minane. Kule alijifunza kupitisha kidole kwenye uti wa jani na kulijua daraja lake bila kulitazama. Baadaye alipita JKT, jeshi la kujenga taifa, akawa mlinzi wa getini kwa miaka tisa, hadi mtunza silaha wa kampuni, mwanajeshi mstaafu aliyeitwa Mzee Boaz, alipoona anavyoishika bunduki, akamtoa getini na kumfundisha kazi.

Mzee Boaz alikuwa na tabia moja. Kabla ya kugusa bunduki iliyogoma, aliuliza imelala wapi, imekula nini, na nani aliishika mwisho. Mbuke alikumbuka kwamba yeye hakuuliza hata moja.

"Imekula nini. Hapo ndipo nilipojishika kichwa," anasimulia. "Niliilisha risasi za boksi jipya. Thobias hakuwa na risasi za boksi jipya."

Kamati ilikuwa ikae Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Aliomba ruhusa ya siku moja, akamwambia Magesa ana shughuli ya familia, na Jumanne akapanda basi la kwanza la Nyarugusu kwa nauli yake.

Hakwenda moja kwa moja kwenye lindo. Alikwenda kwa Lusia.

Mtu yeyote anayetaka kujua jambo Nyarugusu aanzie kwa Lusia. Banda lake lina mabenchi matatu na linabeba watu ishirini: wachimbaji waliotoka duarani, yaani mashimoni, madalali wa dhahabu, akina mama wa kuponda mawe, na habari za kila mmoja wao. Mbuke aliketi kwenye kona, akasalimiwa kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akaagiza chai ya rangi na kungoja saa ya makabidhiano.

Saa kumi na mbili kamili jioni walinzi wawili walikutana mezani mbele ya lindo. Aliyekuwa akiingia zamu ni Nasibu, aliyekuwa akitoka ni mlinzi wa muda aliyeletwa kuziba pengo la Thobias. Baada ya tukio, polisi walichukua ganda lililokwama na kurudisha bunduki pamoja na risasi nne zilizobaki. Lindo likaongezewa moja mpya kutoka stoo, ziwe tano kama daftari linavyotaka.

"Haya, tazama bao lao," Lusia alimnong'oneza, akimimina chai. "Kila asubuhi, kila jioni. Hawa wanazijua zile risasi kuliko wanavyowajua wake zao."

Mlinzi anayetoka alivuta pampu. Kach, risasi ya kwanza ikaruka na kugonga meza ya saruji. Akavuta tena. Kach. Nasibu aliziokota moja moja akisoma vidoti vya rangi ya kucha vilivyopakwa ubavuni, rangi waliyoazima kwa Lusia mwenyewe.

"Shemeji?" aliuliza anayetoka.

"Yupo."

"Mpwa?"

"Yupo."

"Mgeni? Kitinda?"

"Wapo wote."

Kila risasi ya lindo ilikuwa na jina. Lusia alieleza chanzo chake huku akicheka: miaka mitatu nyuma mlinzi mmoja alibadilishiwa risasi nzima kwa mbovu wakati wa makabidhiano, akakatwa mshahara. Tangu siku hiyo wakaapa hakuna risasi itakayoingia wala kutoka bila kujulikana kwa jina. Kidoti kimoja alikuwa Mwenyekiti, viwili Shemeji, vitatu Mpwa, vinne Mgeni, na vitano Kitinda. Ile mpya haikuwa imepewa jina, walikuwa bado wanaipima tabia.

"Na aliyekwama siku ile ni nani?" Mbuke aliuliza.

"Mwenyekiti," Lusia alisema. "Si unajua wenyeviti. Akishakaa, hatoki."

Benchi zima liliangua kicheko. Mbuke peke yake hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu. Makabidhiano mara mbili kwa siku, miaka mitatu, na kila mara risasi zile zile zinavutwa kwa ndoano na kurushwa kwenye saruji. Ni zaidi ya mara elfu mbili kwa kila risasi. Risasi imetengenezwa ivutwe mara moja, baada ya kupigwa, ikatupwe.

Aliacha chai nusu. Alikwenda kwa Nasibu, akajitambulisha kikazi, akaomba kumshika Mgeni.

Kwa macho, kitako kilikuwa kinang'aa tu, kimesuguliwa kwa kitambaa kila siku na watu wenye nidhamu. Ndipo akafanya kama alivyofanya kwenye tumbaku. Alifumba macho na kupitisha ukucha wa dole gumba, ambao wakati ule ulikuwa umesahaulika tu kukatwa, kuzunguka ukingo wa shaba.

Ukingo ulikuwa umetafunwa. Ukucha ulipanda na kushuka kama kwenye meno ya zipu, na mahali pamoja ukapita bila kukuta ukingo kabisa.

Nasibu alibisha. Alisema kila siku zinatoka vizuri, yeye mwenyewe ni shahidi. Mbuke alimjibu kwa upole kwamba hapo hapo ndipo wote walipodanganyika. Risasi ambayo haijapigwa inakaa kwenye chemba bila kubana, hata ndoano ikiishika kwa sehemu ndogo itatoka. Ikishapigwa, ganda linavimba kwa moto na kuikamata chemba, na vumbi la karasha linazidi kulibana. Hapo ndoano inahitaji ukingo wote. Ikikuta umelika, inateleza, ganda linabaki ndani.

Kwa hiyo kilichomwangusha Thobias ni uaminifu wao wenyewe. Walinzi wazembe wangekuwa wameshazipoteza na kupewa mpya.

Sasa ilibidi aseme hivyo mbele ya Magesa, maana yake aseme kwamba karatasi yake mwenyewe haina thamani. Wenzake wa ofisini, aliowapigia simu usiku huo, walimshauri anyamaze. Ukaguzi ulishafungwa, na fundi anayejikana mwenyewe leo, kesho nani atamwamini?

"Nililala nikiamka," anasema. "Lakini nikajiuliza, huyu mzee aliniamkia vizuri na kofia mkononi. Mimi namwamkiaje tena nikinyamaza?"

Jumatano asubuhi, akitoka kwenye basi la alfajiri, aliingia ofisini kwa Magesa na kumwomba zile nne zipigwe kabla ya kamati kukaa. Magesa alimsukumia ile fomu.

"Mama Blessing, hii ni sahihi yako au si yako?"

"Ni yangu, afande. Nilipima bunduki. Sikupima risasi."

Magesa alikubali, watu wanasema, kwa sababu alikuwa na hakika atashinda. Polisi walitoa kibali, bunduki ile na risasi zake zikaletwa kutoka Nyarugusu na pikipiki ya kampuni, na alasiri hiyo wakakusanyika tena uwanjani: Magesa, mtu wa polisi, wajumbe wawili wa kamati, na Thobias amesimama pembeni kabisa, kama mtu aliyekuja msibani kwa wengine.

Mbuke akapiga Shemeji. Ganda likatoka, likadondoka kwenye majani. Magesa akakohoa.

Akapiga Mpwa. Ganda likatoka.

"Tunaharibu risasi," Magesa alisema.

Mbuke anakiri kwamba hapo alianza kujitilia shaka. Alikuwa amewashika wote wanne kwa ukucha, lakini ukucha si ushahidi. Akapiga wa tatu, Mgeni, na kuvuta pampu nyuma.

Mkono ulikuja mwepesi mno. Ndani ya chemba ganda jekundu lilikuwa limetulia mahali pake, kitako kinamtazama. Alisukuma mbele, na Kitinda akagonga nyuma ya Mgeni. Bunduki ikafunga.

Alihakikisha mtutu unatazama ukutani, akamwita Magesa na kumkabidhi. Magesa alivuta. Akabadilisha mkono, akavuta tena, akakanyaga chini vizuri, jasho likamtoka. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma.

Kutoka pembeni, kwa mara ya kwanza siku hiyo, Thobias alifungua mdomo.

"Na hapo, afande, hakuna mtu anayekuambia ukalale."

Waliitoa kwa kusukuma na ufito wa kusafishia. Mbuke akaweka risasi mpya ya boksi, ikapigwa, ganda likaruka kama kawaida. Akamweka Kitinda. Akapigwa, akakwama. Mtu wa polisi akaandika.

Kesi ya wizi ipo kwa polisi hadi leo. Lakini kamati ilikaa Alhamisi kwa dakika zisizofika ishirini. Thobias alirudishwa kazini na kulipwa mshahara wa siku alizosimamishwa. Mbuke alipewa barua ya onyo kwa ukaguzi usiokamilika. Ameihifadhi kwenye kabati pamoja na vyeti vyake, na anasema ni halali yake.

Magesa, kwa upande wake, hakuomba radhi kwa maneno. Wiki iliyofuata aliagiza boksi sita za risasi na kumwambia Mbuke azungukie malindo yote. Tangu Machi ameshafika kwenye malindo ishirini na matatu, na amekuta risasi zilizotafunwa kwenye kumi na moja. Mahali pengine napo zilikuwa na majina.

Anawafundisha walinzi njia nyingine ya makabidhiano. Wasitoe risasi kwa kuvuta pampu. Wabonyeze kichuma cha pembeni chini ya bunduki, risasi iteleze mkononi taratibu, bila kupita kwenye ndoano wala kugonga saruji. Na kila zikitimiza mwaka, zipigwe uwanjani na kubadilishwa. Mwanzoni walimcheka. Siku hizi baadhi yao wameanza kufuga kucha.

Leo Nyarugusu, risasi ya tano nayo inateleza. Thobias, ambaye zamu yake inaanza, amesimama nyuma ya kiti akingoja. Anazipokea moja moja na kuzipakia. Anauliza, nusu kwa utani, kama anaruhusiwa angalau kumpa jina mmoja tu.

"Mpe," anasema Mbuke. "Lakini mwakani utamzika."

Kisha anatoa fomu ya ukaguzi. Bado ni ile ile ya maneno mawili, nzima au mbovu, ila chini yake kuna mstari ambao ameuandika kwa kalamu ya wino, kwa mkono wake, kama alivyouandika kwenye fomu zote tangu Machi: "Imejaribiwa kwa risasi za lindo? Ndiyo / Hapana."

Ofisi imemwambia fomu mpya zitachapwa zile za zamani zilizo stoo zikiisha. Amehesabu, zimebaki kama mia mbili. Hataki kungoja. Mwezi ujao anakusudia kwenda mwenyewe kwa mchapaji wa Kahama na nakala mkononi, aulize bei, ampelekee Magesa. Anataka mstari ule uwe wa chapa, mweusi, ili mtunza silaha atakayekuja baada yake, awe anajua kuuliza au hajui, akute swali limeshaulizwa.

"Siku nikiuona umechapwa, huu naukata," anasema, akiinua dole gumba. "Hapo hapo kwa Lusia, watu wakishuhudia."

Lusia amesikia. Anafungua kopo la sukari, anachomoa wembe mpya ambao bado umo kwenye karatasi yake, anauonyesha mabenchi yote matatu, na kuurudisha.

Mbuke anaisoma fomu kuanzia juu hadi chini, midomo ikicheza. Anaisoma tena. Ndipo anaomba kalamu.